Barua za Shangazi na Mwalimu wa Hesabu

Binti yetu alipiga simu Jumamosi asubuhi, tukiwa mezani tunachambua maharagwe. Nasema binti yetu ingawa aliyemzaa ni mwenzangu. Mimi nilimkuta ana miaka minne, na tangu hapo nimemsuka nywele, nimemgombeza, nimemfundisha ku-drive kwenye uwanja mtupu wa kanisa. Mimi ananiita Mama Mdogo. Wakati huo alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu huko Houston, anasoma historia, somo ambalo mama yake hajawahi kulielewa. "Yaliyopita si yamepita?" humwambia. "Ungesoma unesi kama Mama Mdogo wako."

Mwenzangu aliiweka simu katikati ya meza ili sote tusikie.

"Naandika pepa yangu ya mwisho," binti akasema. "Ni kuhusu wanawake wa zamani, wa Ulaya na wa hapa Marekani, walioishi nyumba moja mpaka kufa. Waliandikiana barua kama wachumba. Sasa wanahistoria wana-argue."

"Wanabishana nini?" mama yake akauliza.

"Kama walikuwa marafiki tu, au walikuwa wapenzi."

"Na wao wenyewe wanasemaje?"

"Walishakufa, Mama. Zamani sana."

"Basi si waachwe wapumzike."

Binti akacheka, kisha akatueleza vizuri. Kuna wasomi wanaosema ile ilikuwa lugha tu ya wakati ule, wanawake wote waliandikiana hivyo na hakuna aliyeshtuka. Wengine wanasema hapana, hao walipendana kabisa, ni sisi tunaofumba macho. Halafu kuna wanaosema swali lenyewe ni letu, si la wale wanawake, kwa sababu wao hawakuwa na visanduku tulivyo navyo sisi vya kuwatia watu. Nilimsikiliza nikaona amekua. Ndipo akauliza alichopigia simu.

"Mama Mdogo, zile barua za shangazi yako bado unazo?"

Nilikuwa nazo, thelathini na kitu, ndani ya bahasha kubwa ya kahawia, ile ya kutilia picha za eksirei, juu ya kabati langu. Binti aliwahi kuziona akiwa mdogo, akaniuliza ni za nani, nikamjibu kwa kifupi. Kumbe hakusahau.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya wasichana kwetu, nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Hakuolewa. Aliishi na mwalimu mwenzake aliyefundisha hesabu, mwanamke mrefu kutoka Taita, ambaye hata mimi nilimwita Mwalimu wa Hesabu mpaka alipofariki. Mmoja Mkisii, mwingine Mtaita. Kiswahili ndicho kilichokuwa chao wawili, na ndicho walichoandikiana kila walipotengana. Waliishi katika nyumba ya walimu yenye vyumba viwili na bustani ya mboga kwa muda upatao miaka thelathini. Kaka yangu mkubwa walimsomesha wao. Mimi walinifundisha kusoma kabla sijaingia shule.

Shangazi alipofariki mimi nilikuwa kwenye mitihani ya unesi mji mwingine, sikuwahi mazishi. Kabla sijaja Marekani nilikwenda kumuaga Mwalimu wa Hesabu. Alikuwa amestaafu, macho yamekwisha, anaishi peke yake. Akanipa barua zote, alizoandikiwa na alizoandika. "Hizi nenda nazo," aliniambia. "Hapa nikifa watawashia moto wa jikoni." 

Nilikutana na mwenzangu mwaka wangu wa pili hapa, mtaa wa Vickery Meadow, Dallas. Mume wangu alikuwa ameondoka kwenda jimbo jingine na maisha mengine, nami nilibaki kwenye apatimenti nikisomea leseni. Juu yangu alikaa mjane Mrundi, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu, na kitoto chake cha kike. Alilelewa kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Tanzania, cha kunyooka. Alifua mashuka hotelini. Siku moja kwenye treni aliketi kando yangu, akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika behewa zima, "Shoga, mbona uso umekunjamana hivyo?"

Mimi Mkenya wa bara. Kwetu neno hilo lina maana moja tu, na halisemwi kwenye treni. Nilikumbatia mkoba wangu.

"Nimekosea nini?" akauliza. "Shoga si rafiki yako wa kike? Kwenu ni nini?"

Nikamnong'oneza sikioni. Alicheka hivi kwamba tulipitiliza kituo chetu, tukalazimika kurudi kwa miguu, naye njia nzima anaanza upya kucheka. Tangu siku hiyo hajaniita kitu kingine.

Miezi michache baadaye nilipasuliwa uvimbe kwenye kizazi. Sikuwa na mtu. Alinitoa hospitalini, akanipandisha ngazi hadi kwake, akanilaza kwenye kitanda chake, yeye na mtoto wakalala kwenye godoro sebuleni. Wiki sita. Nilipopona sikusema narudi kwangu, naye hakusema rudi. Mtoto ndiye aliyeuliza, "Mama Mdogo anakaa?" na mama yake akamjibu, "Sasa aende wapi?" Baadaye nilipata kazi katika hospitali ya huku kaskazini, tukahamia Lewisville, kwanza apatimenti kisha kanyumba kadogo kenye uwanja nyuma. Binti akakulia humo.

Watu huuliza kwa mafumbo. Kanisani wametuzoea, wakitualika wanatualika pamoja, na mmoja akija peke yake huulizwa, "Mwenzio yuko wapi?" Kila mmoja wetu ana chumba chake, kwa sababu yeye anakoroma nami nafanya kazi zamu. Hayo ndiyo watu wanayotaka kujua, na hayaelezi chochote. Ninachojua ni kwamba nikisikia gari lake likiingia, mabega yangu hushuka. Nilikuwa na mume miaka saba, na kwake hayakushuka hata mara moja.

Nilimtumia binti nakala za barua. Kisha nikaona ni vyema kaka yangu ajue. Anaishi Stafford, karibu na Houston, amestaafu, ni mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa tai hata kwenye choma. Nilimpigia nikamweleza.

"Barua za marehemu si za kusomea watu darasani," akasema.

"Ni darasa la historia, kaka."

"Watasema shangazi alikuwa nini? Yule alikuwa mwalimu mwenye heshima zake."

"Kwani kupendwa kunamwondolea mtu heshima?"

"Usinigeuzie maneno. Wewe hukuwepo."

"Sikuwepo wapi?"

Akakata simu. Nilifikiri amekasirika kwa sababu ya kanisa. Mwenzangu, aliyekuwa anapiga pasi, akasema, "Huyo hajakasirika. Huyo anaogopa." Nikamwambia kwa kejeli kwamba yeye siku zote anajua kila kitu.

Siku ya binti ku-present tuliondoka Lewisville alfajiri, mwenzangu akiwa na chupa ya chai mapajani na mimi kwenye usukani. Njia ya kushuka Houston ni ndefu na imenyooka, na yeye akikaa garini lazima aimbe nyimbo za kwaya, sauti ya pili tu, kwa hiyo unasikia wimbo usio na kichwa kwa saa nne. Nimezoea. Siku akinyamaza ndipo naogopa.

Ukumbi ulikuwa mdogo, wazazi na wanafunzi kama arobaini. Tuliketi mstari wa tatu. Nilipogeuka kuangalia watu nilimwona kaka yangu amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, tai shingoni, kofia magotini. Hakunitazama.

Binti alizungumza kuhusu wale wanawake wa kizungu na mabishano ya wasomi. Kisha akaweka barua ya shangazi ukutani, kubwa, ule mwandiko wake wa ubaoni uliosimama wima. Aliiandika mwaka alioitwa kwenda chuo cha mbali kuongeza masomo. Binti akaisoma kwa Kiswahili kwanza, kwa lafudhi yake ya Texas, kisha kwa Kiingereza:

"Mpenzi wangu, baada ya salamu nyingi, hali yangu ni njema, hofu ni juu yako. Nimefika salama. Nimepewa kitanda peke yangu na ni kipana mno. Nalala ukingoni kwa mazoea, nikikuachia nafasi yako ya ukutani. Tafadhali usisahau kumwagilia mboga, na usisahihishe madaftari kwenye mwanga mdogo. Macho yako si yako peke yako."



"Sasa," binti akasema, "mtu anaweza kusema: neno mpenzi limekwisha thibitisha. Hapana. Wakati ule mwanafunzi aliyemwandikia baba yake kuomba viatu alianza na mpenzi baba. Hivyo ndivyo walivyofundishwa, na huyu bibi ndiye aliyekuwa akifundisha. Mtu mwingine atasema: nyumba za walimu zilikuwa na kitanda kimoja, na kule juu kuna baridi. Ni kweli pia. Lakini hakuna kitabu cha kufundishia barua chenye nafasi ya ukutani. Hiyo ameiandika mwenyewe."

Mwalimu wake, mama wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe, akauliza kama si kweli kwamba katika sehemu zile kulikuwa na desturi ya mwanamke kuoa mwanamke. Binti akanitazama. Nikasimama.

Nikasema ndiyo, desturi ilikuwepo. Mjane asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuleta mke wa nyumba yake, ili apate watoto na jina lisipotee. Ilifanywa mchana, mbele ya wazee, ng'ombe wakihesabiwa. "Lakini shangazi yangu hakufanya hivyo," nikasema. "Hakuna ng'ombe aliyetoka wala aliyeingia. Hakutaka mtoto wa nyumba. Ile ilikuwa kitu kingine."

"Kwa hiyo ungeiitaje?" akauliza yule mwalimu, kwa upole tu.

Nikawaeleza nilichokiona nikiwa na miaka tisa, likizo moja nilipokaa kwao. Walikuwa wamegombana kuhusu chumvi. Mmoja alisema mboga ina chumvi nyingi, mwingine akasema basi apike yeye, na tangu mchana hawakusemezana. Mimi nilikaa kati yao kama mwenye kosa. Jioni shangazi akachemsha chai ya maziwa. Mwalimu wa Hesabu hakuweza kuvumilia utando wa maziwa. Ukimgusa mdomo alitapika. Shangazi alikuwa bado amenuna, uso umefungwa kabisa, lakini alichukua kijiko akauondoa utando wote kwenye kikombe cha mwenziwe, polepole, hata vile vipande vidogo vya pembeni, kisha akakitua mbele yake kwa kishindo bila kumwangalia. Mwalimu wa Hesabu akanywa. Akasema, "Asante." Shangazi akasema, "Haya."

"Ndivyo walivyokuwa," nikasema, nikaketi. Mwenzangu akanishika kiwiko.

Ndipo kiti kikasukumwa kule nyuma. Kaka yangu alikuwa amesimama, kofia mkononi. Anajua Kiingereza kuliko mimi, amekitumia ofisini maisha yake yote, lakini siku ile alisema kwa Kiswahili.

"Binti, wewe watafsirie. Mimi nilikuwepo kwenye mazishi ya shangazi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwalimu wa Hesabu alikuja asubuhi mapema akaketi mstari wa mbele, kando ya jeneza, kwenye viti vya familia. Wazee wakaniambia, nenda kamwambie yule mama viti hivi vina wenyewe. Nikaenda nikamwambia. Huyo ndiye aliyenifundisha kuzidisha na kugawanya. Alinilipia mpaka kidato cha sita. Aliniangalia, akasema, 'Sawa, mwanangu.' Akachukua mkoba wake akaenda kukaa na wageni. Wasifu wa marehemu uliposomwa, hakutajwa hata mara moja."

Binti alitafsiri mpaka hapo, kisha akamwashiria aendelee.

"Mnauliza walikuwa nini," kaka akasema. "Mimi sijui. Sitaki hata kujua yote. Ila nilimtoa kwenye kiti chake, na najua kilikuwa chake."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, na nilishukuru kwa hilo. Baadaye mabishano yaliendelea, maana ndiyo kazi ya darasa. Kijana mmoja alisema hatuna haki ya kuwavalisha wafu maneno yetu. Msichana aliyekaa mbele yetu akamjibu kwamba mume na mke waliolala vyumba mbali miaka arobaini hakuna anayewadai ushahidi kuwa walikuwa wanandoa, ila wanawake wawili lazima walete mashahidi. Mwenzangu akaniinamia, "Huyo kasema kweli. Ni mtoto wa nani?" Nilifurahi sana mchana ule. Sikutegemea kwamba nitakaa katika chumba cha watu nisiowajua nisikie shangazi yangu akizungumzwa kwa uangalifu namna ile, kama mtu mwenye uzito.

Tulikwenda kula kwa kaka, Stafford. Mkewe alikuwa amepika pilau. Kwa miaka yote kaka alikuwa akimwita mwenzangu "mgeni wako": mgeni wako hajambo, mgeni wako bado anafua hotelini? Mchana ule alimpakulia mwenyewe, akamuuliza kama amepata kachumbari, akamuuliza kambini Kigoma walikuwa wanakula nini sikukuu. Mwenzangu hakumrahisishia. Alimweleza kuhusu maharagwe ya mgao kwa nusu saa nzima.

Nilipotoka kuweka vitu garini kaka alinifuata.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilipokwenda kumuaga, Mwalimu aliniambia aliketi na wageni. Nikamuuliza nani alimhamisha. Akasema hakumbuki, alikuwa kijana tu fulani."

Kaka alivua miwani. Yule mama macho yalimwishia, lakini hakuwahi kusahau jina la mwanafunzi hata mmoja, sote tulijua hivyo. Kaka alisimama kando ya gari akiifuta miwani kwa tai, akaifuta tena. Nikamshika bega. Hatukuwa tumegusana hivyo tangu baba afariki.

Kurudi kaskazini mwenzangu hakuimba. Tulipopita Huntsville nikamuuliza ana nini.

"Shoga, mimi nikizidiwa hospitalini, wewe utaruhusiwa kuingia?"

"Nitaingia."

"Umeandikwa wapi?"

Swali hilo halikupaswa kunishtua, maana kazi yangu ni wodini. Nimewaona watu wakizuiliwa mlangoni kwa kukosa karatasi, na mara nyingine mimi ndiye niliyesimama pale mlangoni. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukaa naye tukajaza fomu. Tulidhani kwa kuwa sisi tunajua, basi inajulikana.

Wiki iliyofuata tulikwenda ofisi moja ndogo Lewisville yenye kupiga mihuri, kila mmoja na fomu yake ya kumtaja atakayemsemea akiwa hajiwezi. Majina yalijazwa, anwani moja mara mbili. Kisha pakawa na nafasi tupu ya kuandika uhusiano. Kalamu yangu ikasimama. Msichana wa mezani alisema tuandike rafiki tu, inatosha. Mwenzangu akamjibu kwa Kiingereza chake cha hotelini kwamba rafiki anao wengi, anao mpaka chumba cha kufulia. Akanigeukia.

"Andika familia."

Nikaandika. Yule msichana alisoma majina yetu mawili yasiyofanana hata herufi, akatutazama, akagonga muhuri.

Binti alipata alama nzuri, na mwalimu wake akamwandikia pembeni kwamba hajakubaliana naye yote, jambo ambalo lilimfurahisha kuliko alama zenyewe. Amekubaliwa kuendelea na masomo. Mama yake bado anauliza historia italisha nani, lakini kanisani huwaambia watu kwamba mwanawe ni mtaalamu wa barua.

Mwezi wa Novemba kaka yangu alikuja Lewisville kwa mara ya kwanza. Alikaa siku tatu. Alizisoma barua zote uwanjani nyuma, amevaa tai, blanketi mabegani. Siku ya pili alirekebisha bomba la jikoni. Ya tatu mwenzangu alimfundisha kusalimia kwa Kirundi, naye akawa anakosea makusudi ili achekwe, na mimi nikawasikiliza kutoka jikoni huku nikikaanga dagaa.